Ng'ombe wa Lugwisha Wachagua Malisho

Kiangazi kilipomaliza nyasi, Lugwisha, tajiri wa ng'ombe, alimfuata jirani yake Nyanzobe, mjane mwenye kishamba kimoja cha mihogo.

"Ng'oa mihogo yako, upande matete. Ng'ombe wangu wanakonda."

"Sawa, mzee. Lakini una hakika wanapenda matete? Huenda wanataka mtama, au kunde. Mlaji hajaulizwa."

Lugwisha alicheka. "Nimuulize ng'ombe?"

"Wafungulie kesho asubuhi mbele ya watu. Shamba watakaloingia wenyewe liwe lao mpaka mvua inyeshe. Wakiingia kwangu, nitahama bila neno."

Mihogo ya Nyanzobe ilitazamana na lango la zizi, na viazi vitamu vya Lugwisha vilikuwa mbali, ng'ambo ya kijito. Lugwisha akaapa papo hapo, majirani wakisikia.

Asubuhi lango lilifunguliwa. Ng'ombe wakainamisha vichwa, wakaenda wakiramba njia, wakaipita mihogo, wakavuka kijito na kuyavamia marando ya viazi kama waalikwa wa harusi.

"Watoeni!" Lugwisha alipiga kelele.

"Wamechagua wenyewe, mzee," majirani wakamjibu, "nawe uliapa."

Lugwisha alijiendea zake akiwatukana ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Ndipo jirani mmoja akamnong'oneza Nyanzobe, "Umewaloga kwa dawa gani?"

"Dawa ya nini? Jana jioni niliinyunyizia njia chumvi, nikamalizia kwenye marando. Mboga isiyo na chumvi, hata wewe ungeila?"