Pimbi, Ngiri na Nishani ya Mchezaji Mwungwana

— Paukwa.
— Pakawa.
— Palikuwa na uwanja.
— Ukaota nyasi.
— Nyasi zikakanyagwa.
— Na nani?

Na hao hao ninaotaka kusimulia habari zao. Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale wanyama walikuwa na mchezo wao wa mpira. Mpira wenyewe haukuwa duara. Ulikuwa na umbo la yai la mbuni, umesukwa kwa katani na kushindiliwa sufi ndani. Ukitaka unaupiga teke, ukitaka unaugonga kwa ngumi, ili mradi upite kati ya nguzo. Kila mechi ilipoisha, mwamuzi Korongo aliingia kibandani peke yake. Akatia mbegu tatu za ukwaju katika kibuyu cha mchezaji aliyewapita wote, mbili katika cha wa pili, moja katika cha wa tatu. Kisha akaviziba kwa nta. Hakuna aliyejua kilichomo mpaka msimu uishe, vimwagwe hadharani, na mwenye mbegu nyingi avishwe nishani.

Lakini palikuwa na sharti. Nishani ile ilikuwa ya mchezaji bora aliye mwungwana. Ukimpiga mchezaji, umefungiwa. Na ukifungiwa, hata kibuyu chako kijae pomoni, huvishwi kitu.

Mwenye nishani ndiye aliyepanga zamu za chemchemi wakati wa kiangazi. Mwaka uliopita aliivaa Ngiri. Ngiri akajipangia zamu ya kwanza, akajipangia ya pili, akajipangia na ya tatu. Akinywa, anashiba. Akishiba, anagaagaa mumo humo, bwata, bwata, bwata. Wadogo walipofika walikuta tope. Watoto wa Pimbi waliharisha kiangazi kizima, na mmoja nusura wamzike.

Huyo Pimbi sasa alikuwa mzee. Alikuwa mdogo kuliko wachezaji wote, amecheza misimu kumi na miwili katika timu ya Mawe, na mara tatu ameshika nafasi ya pili. Goti lake la kulia lililia ko, ko, ko kila alipoinuka. Wenzake walishamshauri apumzike, naye alishamwahidi mkewe, Bi Mwanakheri, kwamba msimu ule ndio wa mwisho. Lakini kila mtu alijua kwamba kama si Ngiri atakayevishwa, basi ni Pimbi. Mwingine hayupo.

Siku moja kabla ya mechi ya mwisho, Pimbi alikaa juu ya jiwe lake akapiga hesabu. Alikumbuka kila mechi, nani alicheza vipi, Korongo alimtazama nani sana. Akahesabu mara mbili, jibu likawa lile lile: Ngiri yuko mbele kwa mbegu moja au mbili. Na mechi ya mwisho ilikuwa baina ya timu ya Mawe na timu ya Matope, timu ya Ngiri mwenyewe.

Akamweleza mkewe. Bi Mwanakheri alikuwa akichuja maji kwa kitambaa, maana kiangazi kilikwisha kuanza na tope ni lile lile. Alimaliza kuchuja, akasema, "Kama miguu haitoshi, Baba Hidaya, tumia kichwa."

Alasiri ile Pimbi akaenda kwa Ngiri. Akamkuta anakula viazi, viwili mdomoni, vitatu amevikalia. Pimbi akajishusha chini polepole, akashika goti, akasema amekuja kuaga. Yeye amekwisha, nishani haiwezi tena.

"Basi ni yangu," akasema Ngiri.

"Ni yako, au ni ya Nyumbu."

Ngiri akaacha kutafuna. "Nyumbu yupi?"

"Huyu huyu wa timu yako, bwana mkubwa. Nimehesabu. Kesho akiugusa mpira sana, anakupita."

Ulikuwa uongo mtupu. Nyumbu alikuwa mkimbiaji tu, mpole, hata siku moja hakuwahi kuiota nishani. Lakini Ngiri hakulala.

Kesho yake uwanja ulifurika. Kipenga kikalia, pyuuu, mechi ikaanza.

Nyumbu akadaka mpira, puu. Ngiri akaja mbio, kirikiri kirikiri, mkia juu. "Lete hapa." Nyumbu akashangaa, akampa.

Pimbi akauona mpira mwingine unakuja, akaugusa kidogo tu, ukaangukia kwa Nyumbu. Nyumbu akadaka, puu. Ngiri akaja mbio, kirikiri kirikiri, mkia juu. "Lete hapa, nimesema." Nyumbu akampa.

Watazamaji wakaanza kulitaja jina la Nyumbu, na kila walipolitaja Ngiri alizidi kuvimba.

Pimbi alikuwa amejiapiza kwamba siku ile hatakasirika, hata atemewe mate. Katika robo ya tatu ya mechi Ngiri alipita karibu naye na kumkanyaga mguu ule ule mbovu, makusudi, kwa uzito wote. Maumivu yakapanda mpaka kwenye macho. Na mbele ya macho hayo ukapita mkia wa Ngiri, umesimama wima kama mti wa bendera. Pimbi, ambaye mwenyewe hana mkia, hakujua alivyofika pale. Alijikuta ameushika kwa meno. Ng'wa.

Akauachia hapo hapo. Ameng'ata mchezaji. Akamtazama Korongo, Korongo alikuwa ameelekea nguzo za upande wa pili, au alionekana hivyo. Ngiri akageuka ili ajibu, lakini wakati huo huo mpira ulimwangukia Nyumbu, puu, na Ngiri akausahau hata mkia wake. Kirikiri kirikiri.

"Lete hapa."

"Niachie huu nipige, kaka," akasema Nyumbu. "Goli liko wazi."

Kwa Ngiri maneno hayo yalikuwa ushahidi kamili. Akainamisha kichwa, akamvaa Nyumbu ubavuni kwa pembe zake, kibwi. Nyumbu akaenda chini. Pyuuu. Korongo akatangaza kwamba Ngiri amefungiwa.

"Lakini huyu ni wa timu yangu," akasema Ngiri.

"Sharti limesema mchezaji," akajibu Korongo. "Halikusema wa nani."

Usiku ule Pimbi hakufurahi. Kila alipofumba macho aliona mkia. Aliogopa kwamba mwamuzi ameona, na kwamba watoto watakunywa tope mwaka mwingine kwa sababu baba yao alishindwa kufunga mdomo.

Asubuhi wote wakakusanyika. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, vibuyu mbele yake. Kabla ya kumwaga, alisema kuna jambo dogo. Ameona alama za meno kwenye mkia wa Ngiri, meno madogo, na alama zenyewe bado mbichi. Akamwuliza Ngiri ni nani aliyemng'ata.

Ngiri akamtazama Pimbi. Kisha akamtazama Nyumbu, aliyekuwa amefungwa majani ubavuni. Akawaza: nikimtaja Pimbi, Pimbi atafungiwa. Pimbi akifungiwa, itavaliwa na nani? Na huyu msaliti.

"Mwiba," akasema Ngiri. "Nilichomwa na mwiba."

"Mwiba mmoja umeacha matundu manne?"

"Miiba minne."

Korongo akashusha mguu, akachukua kibuyu cha kwanza. Cha Ngiri kilitoa mbegu ishirini na mbili, zikawekwa kando maana hazina kazi tena. Cha Pimbi kilitoa ishirini. Halafu akamwaga cha Nyumbu. Ko, ko, ko, ko. Akakitikisa. Hamna kitu. Mbegu nne tu.

Ngiri akazitazama zile mbegu nne. Akamtazama Pimbi. Akazitazama tena. Akaondoka.

Pimbi alipovishwa nishani alikaa chini katikati ya uwanja. Bi Mwanakheri akaja akakaa kando yake. Pimbi akashusha pumzi ndefu, pumzi ya misimu kumi na miwili, na akamnong'oneza habari ya mkia. Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Zamu ya kwanza ya chemchemi wakapewa watoto wa wanyama wote. Waliyakuta maji meupe, wakanywa, wakashiba, na hakuna aliyeugua. Pimbi hakucheza tena. Alishinda juu ya jiwe lake akiota jua na goti lake amelinyoosha.

Basi, fundisho la ngano hii liko wazi. Usiseme uongo. Usiwachonganishe wenzako. Na hata ukikanyagwa, usimng'ate mtu mkia. Ukiyashika hayo utakuwa mwungwana, nawe utavishwa nishani kama alivyovishwa Pimbi.

— Ngano imefika.
— Ifike salama.
— Aliyeipenda aende nayo. Asiyeiamini akamwulize Korongo.