Gitaa Lililotafutiwa Mwaka

Wapendwa, tupumzike kidogo kabla sijaendelea na andiko letu. Naona wengine mmeanza kusinzia, na siwalaumu, jua la saa hizi na mabati haya vimeshirikiana. Acheni niwape mfano. Ni wa kutunga, kwa hiyo msianze kunong'onezana kwamba huyo anayesemwa ni fulani na anasali usharika fulani.

Alikuwepo bwana mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliyeachiwa gitaa na baba yake. Gitaa kavu, la mbao tupu, lisilojua umeme. Baba yake alikuwa mwinjilisti, lakini katika ujana wake alipiga gitaa kwenye vilabu vya pombe, na alisifika huko kuliko alivyokuja kusifika kanisani. Siku alipookoka alilivunja gitaa la vilabuni kwa mikono yake mwenyewe, akasema Mungu akitaka apige tena atampa lingine. Na mwaka ule haujaisha, ndugu mmoja katika Bwana akamkabidhi hili ninalowasimulia. Ushuhuda huo mzee aliutoa kila alikohubiri, na haukubadilika hata neno: mwaka wa sitini na nane niliokoka, mwaka wa sitini na nane Bwana akanipa gitaa hili. Mwanawe aliusikia mpaka akaujua kwa moyo, na yeye mwenyewe alipiga magoti kwa mara ya kwanza jioni moja alipomsikia baba yake akiusema.

Mzee akafariki. Gitaa likatundikwa ukutani, na mara mojamoja mpiga gitaa wa kwaya alikuja kuliazima. Sauti ya gitaa lile ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu mzima aliyeamka sasa hivi. Watu waliipenda hivyohivyo.

Sasa, bwana yule katika kuhangaika kwake duniani akakutana na kundi la wapenzi wa magitaa ya zamani. Ninyi mnacheka, lakini wapo. Wako watu wanaopenda ng'ombe, wako wanaopenda mpira, na wako wanaopenda magitaa yaliyozeeka. Walikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na gitaa lake mapajani, na mnadhani walikuwa wanapiga? Hawapigi. Wanachungulia. Mtu anawasha tochi, anaweka jicho kwenye tundu la gitaa, anatazama ndani kama mama anayetafuta mende kabatini. Wanatafuta gitaa limezaliwa mwaka gani. Akiujua mwaka, mtu anarudi kwake amefurahi kuliko aliyeusikia wimbo.

Katika kundi hilo walikuwepo watatu walioheshimiwa kwa kazi hiyo: daktari wa meno, aliyekuja na kile kioo chake kidogo cha kutazamia magego, mkuu wa stesheni mstaafu, na mwalimu wa muziki. Bwana yule akawapelekea gitaa la baba yake kwa moyo mweupe. Akawaambia ni la sitini na nane. Hakuwa anauliza, alikuwa anawajulisha tu.

Daktari wa meno akaingiza kioo chake, akakizungusha humo ndani, akasema mbavu za namna hii na mgongo wa mbao hii ni mambo ya hamsini na kitu. Mkuu wa stesheni akayashika yale masikio ya kukazia nyuzi, akasema haiwezekani, masikio ya plastiki kama haya yalianza kuonekana sabini na tano kuja juu. Mwalimu wa muziki yeye akainama akanusa shingo. Nawaambia alinusa. Akasema gundi hii ni ya kisasa, shingo hii si ya kabla ya themanini. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na mwenye gitaa akabaki anageuza kichwa huku na huku. Gitaa moja, na kila mtu na mwaka wake, na hata mmoja hakutaja ule wa baba yake.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa marehemu aliposema sitini na nane?"

Mkuu wa stesheni, ambaye alikuwa mtu mpole na hakukusudia ubaya, akamjibu, "Labda mzee alichanganya miaka, ndugu yangu. Au alitia chumvi kidogo. Wahubiri hutia chumvi."

Msinitazame mimi. Tuendelee.

Bwana yule alirudi nyumbani akiwa hajui ashike lipi aache lipi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilikuwa dogo kama mchanga ndani ya kiatu. Maana aliwaza hivi: kama gitaa hili si la mwaka ule, basi baba alisema uongo madhabahuni. Na kama alidanganya kuhusu gitaa, je, lile la vilabuni alilivunja kweli? Je, alikuwa mlevi kweli, au alijipaka ulevi ili wokovu wake ung'ae? Na mimi niliyepiga magoti kwa ushuhuda ule, nilipigia magoti kitu gani? Akitaka kuomba, anakuta anamwaza mkuu wa stesheni. Akifungua kitabu cha nyimbo, anasikia neno chumvi. Alimpenda baba yake, na ndiyo maana alitaka sana kujua, na kadiri alivyotaka kujua ndivyo alivyozidi kuvurugikiwa. Siku moja anaamini kabisa, siku ya pili haamini, siku ya tatu anajionea aibu kwa zote mbili.

Wakati huo mama yake mzazi, mjane, alikuwa anakaa hapohapo nyumbani kwake. Macho yalikuwa yamemwishia lakini masikio yalikuwa mazima. Akamwambia mwanawe kwamba ibada ya Jumapili ya kumkumbuka baba yake imekaribia, naye hataki makubwa, hataki pilau wala maturubai. Anataka wimbo mmoja tu, ule marehemu alioupenda, upigwe na yule mpiga gitaa wa kwaya kwa gitaa lilelile. Mwanawe akamjibu kwamba asiwe na shaka, gitaa linachunguzwa kidogo. Mama akashangaa linachunguzwa nini, linaumwa? Akajibiwa kwamba haliumwi. Hakuelezwa zaidi.

Sasa sikilizeni hapa. Wale wapenzi wa magitaa wana kanuni yao. Wanasema ukitaka kuujua umri wa gitaa, ondoa kwanza kila kisichokuwa cha asili. Kilichoongezwa baadaye kinadanganya. Kiondoe, kitakachobaki ndicho kitakachosema kweli. Kanuni nzuri, ina mantiki, hata mimi ningeshawishika. Bwana yule akaishika kama andiko.

Akaanza na masikio, kwa sababu yalikuwa ya juzi, hayana hasara. Akayang'oa. Akaja kwenye shingo, akachemsha maji kwenye birika, akaelekeza mvuke pale kwenye maungio mpaka gundi ikalegea, shingo ikatoka. Ndani akakuta kiraka kilichokatwa kwenye mbao ya sanduku la chai, akakibandua. Uso wa gitaa nao aliuona una rangi tofauti na mgongo, basi si wa asili. Akautia mvuke, ukagoma, akautia kisu, ukapasuka katikati. Aliposikia ule mlio akasimama. Kitu fulani ndani yake kilimwambia aache. Lakini mtu akishafika nusu ya mto, ataambiwa na nani arudi? Akaendelea. Zile mbavu zikaachia zenyewe mkononi mwake, kwa sababu zilikuwa zinasimama kwa kushikiliwa na hivyo vingine vyote alivyoviondoa.

Ukabaki ubao wa mgongo peke yake. Na pale kiraka kilipokuwa kimebandikwa, alipokwangua gundi iliyobaki, alama ya kiwanda ikaonekana, imefifia lakini inasomeka: sitini na saba. Akaupeleka kwa wataalamu wake. Wakauzunguka, wakaumulika, wakakubaliana kwa mara ya kwanza. Gitaa lililotoka kiwandani sitini na saba, kumfikia mtu wa huku kwetu sitini na nane ni sawasawa kabisa. Wakampa mkono. Mkuu wa stesheni akamwomba radhi, akasema marehemu alikuwa mtu wa kweli.

Ndugu zangu, bwana yule alilia kwa furaha. Alitembea kurudi nyumbani na ubao wake kwapani, mwepesi, kama aliyefutiwa kesi. Akaingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akapiga magoti mbele yake, akamwekea ule ubao mapajani na kumwambia, "Mama, nimehakikisha. Baba hakuwa mwongo."

Mama akaupapasa ule ubao. Akaupapasa kwa kiganja, akaupapasa pembeni, akatafuta nyuzi. Akatafuta shingo. Akauliza vingine viko wapi, na mwanawe akamletea kwenye beseni. Mama akatia mkono humo. Akaokota yale masikio, akasema haya tuliyaweka yale ya kwanza yalipovunjika kwenye mkutano wa hadhara, watu walikuwa wengi wakamwangukia. Akashika shingo, akasema hii fundi alimpa baba yako bure, baada ya lori tulilopanda kupinduka na shingo ya kwanza kuvunjika, alisema mtumishi asiende kuhubiri bila gitaa. Akashika kile kiraka cha sanduku la chai, akakisugua kwa kidole gumba. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Mwanangu, kwani nani alisema baba yako ni mwongo?"

Bwana yule akafungua mdomo ataje jina. Akatafuta. Mkuu wa stesheni alisema labda. Daktari alisema hamsini na kitu. Mwalimu alinusa. Hakuna hata mmoja aliyelitamka neno lenyewe. Akapekua kichwani kote, na mtu pekee aliyemkuta humo amesimama na neno hilo mdomoni alikuwa ni yeye.

Na mama hakuwa amemaliza. Akamwambia polepole, bila hasira, "Haya. Na Jumapili tutaimba na nini?"

Najua mnataka kuniambia lingeweza kuunganishwa. Mafundi waliitwa. Uso ulishapasuka, mbavu zilishakauka zikiwa zimejipinda, na hakuna fundi aliyekubali kuigusa kazi ile. Siku ya ibada waliimba kwa midomo mitupu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema asanteni. Waswahili wana methali yao kuhusu kuchamba kwingi; mimi nimesimama madhabahuni, malizieni wenyewe kimoyomoyo.

Sasa tumwache bwana yule, amehukumiwa vya kutosha. Turudi kwetu sisi.

Sisi ni watu wa kuuliza mwaka. Mtu akisimama kushuhudia, kabla hajakaa tumeshaanza: umeokoka lini, ulibatizwa wapi, na nani, kwa maji kiasi gani? Halafu tunachukua kioo cha daktari wa meno, tunachungulia. Huyu kumbe aliwahi kuanguka, huu mwendo wake mzuri ni wa juzijuzi tu. Huyu upole wake si wa asili, kaupata alipougua. Huyu maombi yake kafundishwa na mke wake. Tunabandua kimoja kimoja, tukisema tunautafuta ukweli. Lakini niambieni, ni nani humu ndani ambaye Bwana hakumtia kiraka? Ni nani aliye na shingo yake ya kwanza? Mimi nikiondolewa kila nilichoongezewa baada ya siku ile niliyookoka, kikiondolewa alichoniongezea mke wangu, walichoniongezea wazee waliowahi kunionya, ulichoniongezea msiba, mtabaki na ubao hapa mbele, na ubao hauhubiri.

Mnakumbuka yule dada aliyekuja miezi michache iliyopita kuomba arudi kundini? Alikaa pale, benchi la mwisho, karibu na mlango. Alikuwa amekaa nje muda mrefu. Tulimwita ofisini, na tulifanya kazi yetu vizuri mno. Tulimuuliza aliondoka mwaka gani na kwa nini, nani anamjua huko alikokuwa, watoto ni wa nani, kama alisali mahali pengine na kama alitubu huko au anatubia hapa. Alijibu yote. Alijibu huku anatazama sakafu, nasi tukaandika, na mimi nilikuwepo. Majibu yote yalikuwa ya kweli, tulihakikisha. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo, nasi tukasema ni mvua iliyomzuia.

Geukeni mtazame lile benchi. Hapana, geukeni kweli, si kwa macho tu.

Mwaka alioanguka, humu ndani tunaujua wote. Nyumba anayokaa, nani anaijua? Nauliza, na sitaendelea na andiko mpaka mtu mmoja anyooshe mkono.