Matundu Manne Kwenye Chuma

Ta!

Sauti moja tu, ndugu zangu, kavu na fupi, kutoka ndani ya ukuta. Fundi mmoja wa mbao, aliyekuwa amelala kwenye kochi nyumbani kwa mama yake, alifumbua macho gizani akasikiliza. Nje upepo wa mlimani ulikuwa ukiinua mabati na kuyaachia, ukiyainua na kuyaachia, kama mtu anayechungulia sufuriani kuona kama chakula kimeiva.

"Mama," aliita kuelekea chumbani, "umesikia? Vyuma vya mtoto wako vimeanza kulia."

Alisema hivyo kwa furaha kidogo. Tuseme ukweli, kwa kuwa tuko kanisani: alisema kwa furaha nyingi.

Mama yake alikuwa amelala chali, huu mwezi wa tatu, mfupa wa paja umevunjika, amekatazwa hata kujigeuza peke yake. Akajibu taratibu, "Vyuma vinalia kila usiku baridi ikiingia. Tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Nimevizoea. Hiki cha leo si chuma."

"Ni nini basi?"

"Si wewe ndiye fundi? Njoo uangalie."

Kabla hajaamka pale kwenye kochi, niwaambie nyumba ile ilijengwaje.

Mama huyo alikuwa na wana wawili, wote mafundi. Mkubwa alijua mbao. Mdogo alikwenda mjini akarudi anajua vyuma, zile nguzo nyepesi zinazosimamishwa ndani ya ukuta kisha zikafunikwa. Nyumba ya zamani ya mama ilipoliwa na mchwa, wana hao walikubaliana kumjengea mpya. Hapo ndipo makubaliano yalipoishia.

"Mbao," akasema mkubwa.

"Chuma," akasema mdogo. "Mchwa hawana meno ya chuma."

"Na mama atatundika wapi picha ya baba? Chuma chako chembamba hivi, msumari ukiingia unatoka upande wa pili ukimtafuta mwenyewe."

"Kuna skrubu, kaka. Dunia imeshavumbua skrubu."

"Kitalia usiku kama mgonjwa."

"Na mbao yako mbichi itapinda kabla ya Krismasi. Mama atafikiri nyumba inamsujudia."

Vibarua walicheka. Mpaka hapo ulikuwa utani wa ndugu. Lakini kicheko cha watu kina utamu wake, na mdogo, aliyekwisha kuuonja, akaongeza neno moja. Akasema mbele ya wote, "Hata ile ya zamani ililiwa kwa sababu kuna mtu hakupaka nguzo oili. Tunajua ni nani."

Vibarua wakainamia kazi zao. Mkubwa akaweka nyundo chini. Ni kweli, hakupaka. Alikuwa kijana wakati ule, alikuwa na haraka, na baba yake alikufa bila kujua. Akamtazama mdogo wake, akasema, "Kuanzia leo jina lako halitapita kwenye meno yangu."

Sasa, kwa watu wa mlima ule, mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu yake mzaa mama. Ndiyo maana mama alimwita yule mdogo "Baba" tangu akiwa ananyonya. Mama aliposikia kiapo kile akaweka kikapu chini. "Umemfukuza mtoto wangu na baba yangu kwa siku moja," akasema. "Basi kila mmoja ajenge nusu. Nitalala katikati, nione nani atanidondokea."

Wakajenga. Mkubwa akaanzia mlangoni kwa nguzo za mbao, mdogo akaanzia upande wa nyuma kwa nguzo za chuma. Kila mmoja alifanya kazi safi, safi kuliko kazi yoyote aliyowahi kulipwa, kwa kuwa alijua jicho la nani litaikagua. Nguzo ya mwisho ya mbao na nguzo ya kwanza ya chuma zikakutana katika chumba cha kulala cha mama, zikasimama bega kwa bega, na juu yake ikalazwa boriti ya paa.

Miaka sita ikapita. Ndugu hao waliishi shamba moja, ua wa michongoma katikati yao. Mkubwa akitaka kusema na mdogo alimwambia mama, "Mwambie yule wa vyuma ng'ombe wake ameingia kwangu." Na wakikutana njiani alisema neno moja tu, "Wewe!", kama unavyomwambia mbuzi aliye kwenye kabichi, na mdogo alishuka kando akampisha. Mama alipovunjika paja wakagawana usiku wa kumlinda. Huyu akiingia, yule ameshaondoka. Uji ulikuwa bado wa moto mezani, na aliyeupika haonekani.

Usiku huu ulikuwa wa mkubwa.

Aliingia chumbani na tochi. Akamulika ukuta juu ya kichwa cha mama. Hapo nguzo mbili zilipokutana palikuwa na ubao mwembamba uliopakwa rangi nyeupe, wa kuficha ufa. Aliupigilia yeye mwenyewe. Ubao ule ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini. Akaupachua kwa vidole.

Upepo ukampiga usoni. Nguzo zilikuwa zimeachana. Kidole kimoja kingepita kati yake, kisha akaona vinaweza kupita viwili, kwa sababu pengo lilikuwa linakua akiwa analitazama. Mbao ilikuwa nzima. Chuma kilikuwa kizima. Na katika chuma, kuanzia juu kushuka chini, palikuwa na matundu manne, ya duara, yamepangwa kwa kipimo, matupu.

Hakushangaa, ndugu zangu. Alikuwa anayajua.

Siku ya mwisho ya ujenzi, miaka sita iliyopita, alifika asubuhi akayakuta. Mdogo wake alikuwa ametoboa chuma chake mara nne, kimya kimya, akaacha na skrubu nne juu ya kipande cha gazeti. Fundi yeyote angeelewa. Skrubu ipite kwenye chuma, ishike kwenye mbao, ukuta uwe mmoja. Mdogo hakuweza kuzifunga peke yake bila kuigusa kazi ya mkubwa, na kuigusa bila ruhusa alijua ni matusi. Kwa hiyo alitoboa chake, akangoja.

Na mkubwa alisema nini moyoni? Alisema, "Sasa ananifundisha kazi." Akazitia skrubu mfukoni. Akapigilia ubao juu ya matundu. Akapaka rangi, mara mbili, ikang'aa.

Ta!

Safari hii alijua ni nini. Boriti ilikuwa inateleza juu ya chuma. Akaruka juu ya kigoda, akaweka bega chini yake, na uzito ukamshukia mpaka meno yakagongana. Chini yake, hatua moja tu, palikuwa na uso wa mama.

"Mama, usitikisike."

"Nitikisike niende wapi, mwanangu?"

Alisukuma. Pengo likapungua kidogo, likasimama. Angeweza kulishikilia. Hakuweza kulifunga. Hiyo ilihitaji mtu wa nje, upande wa chuma, mwenye drili na skrubu, asukume kutoka kwake huku huyu anasukuma kutoka huku. Bega likaanza kutetemeka. Akiliachia ili ambebe mama, boriti ingefika kitandani kabla yake.

Ndipo kupitia ule ufa akaona mwanga.

Tochi ilikuwa inatembea nje, kando ya ukuta. Mdogo pia alikuwa amesikia. Mvua ilikuwa imeanza, na yeye alikuwa anazunguka nusu yake ya nyumba, akigonga nguzo moja moja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ngo. Anasonga. Ngo. Anasonga. Kwa miaka sita alikuwa ameambiwa kupitia kwa mama kwamba vyuma vyake vitaua mtu. Basi kila upepo ulipovuma alitoka kitandani kuvikagua.

"Wewe!" mkubwa akapaza sauti.

Mwanga ukasimama.

"Wewe! Wewe hapo!"

"Nimesikia," sauti ikajibu kutoka mvuani, ya chini, iliyozoea. "Nilikuwa naangalia vyangu tu. Naondoka. Usipige kelele, utamwamsha mama."

Na mwanga ukageuka, ukaanza kuelekea kwenye michongoma.

Mnaona kilichotokea? Mtu anaomba msaada, na neno pekee lililobaki kinywani mwake ni lile alilolitumia kufukuzia. Miaka sita amelinoa kwa kazi hiyo. Leo anataka limlete ndugu yake, na neno linafanya kazi ileile linayoijua.

Mama alisema kutoka chini, bila kupaza sauti, "Anaondoka."

"Namwita, mama!"

"Humwiti. Mwite."

Hapo, kabla hajajibu, nataka tusimame naye juu ya kigoda chake. Sisi tunapenda kuuliza lipi ni bora, mbao au chuma. Sisi wa ibada ya kwanza na sisi wa ibada ya pili. Sisi tunaopiga makofi na sisi tusiopiga. Tunakaguana kazi mwaka mzima, na kazi zetu ni nzuri, nawaambia, mbao zetu ni nzima na vyuma vyetu ni vizima, na bado kuna upepo unaingia juu ya kitanda cha mgonjwa. Kwa nini? Kwa sababu mahali tulipokutana hatukufungana. Tulipaka rangi.

Tusidanganyane kwamba hatukujua. Kuna mtu alishatoboa upande wake. Alikutumia salamu kwa mtoto. Alikuja kwenye mazishi yenu akakaa kiti cha nyuma. Alikuachia njia kisimani. Uliyaona matundu, ukasema, "Sasa ananifundisha kazi." Skrubu unazo wewe. Ziko mfukoni.

Na tunasema tumesamehe! Tunawaombea "wote tuliokosana nao." Wote ni nani? "Wote" hana mguu wa kugeuza njiani. Mungu alipomtafuta mtu bustanini hakusema "wewe hapo". Alipomwita mtoto hekaluni alimwita kwa jina, akarudia, mpaka akaitika. Kila mmoja wetu asubuhi hii analo jina moja ambalo amelifungia. Umeshalikumbuka. Limekuja lenyewe nilipokuwa nazungumza, na umelirudisha.

Sasa tazameni. Bega limekufa ganzi. Mwanga umefika kwenye ua, na mkono unaweka mwiba kando ili mtu apite. Boriti imeshuka upana wa ukucha. Mama amefumba macho, na midomo yake inatembea, na mkubwa anajua ni jina gani analolisema, jina la baba yake na la mwanawe, kwa sauti isiyoweza kuvuka hata kitanda.

Yule fundi wa mbao akavuta pumzi. Akafungua meno.

"Mbatia!"