Karibuni ya Bi Mwanaheri

Nitikieni, nisije nikausimulia ukuta!

Bi Mwanaheri alisikia hodi tatu. Mlangoni alimwona paka wake tu, lakini kwa adabu akajibu, "Karibuni!" Kumbe manyoyani mlikuwa na Jini Kiroboto na ukoo wake. Wakaingia wote.

Paka akajikuna hadi damu. Bibi akamwosha, viroboto wakarukia mkekani. Akauanika mkeka, wakahamia sakafuni, wakataga mayai.

"Ulisema karibuni," jini akacheka.

 Neno lilikuwa la Bibi, na mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi.

Siku ya tatu akaleta jembe. "Mgeni ni siku mbili, baba. Haya, nilimieni sakafu hii ya udongo."

Kusikia kazi, viroboto wakatimua mbio, mayai mgongoni.

Tangu hapo, akibishiwa hodi, Bi Mwanaheri huuliza kwanza: "Mko wangapi?"