Sinia la Kadi Zilizolazwa

Kulikuwa na mtu mmoja, mtu mzima mwenye cheo na kitambi cha kutosha, aliyerudi kwenye mchezo wa utotoni. Simtaji jina, wapendwa, maana nikilitaja mtaacha kusikiliza mwanze kutafuta ukoo wake.

Mchezo wenyewe ni ule wa kadi za mashujaa. Unanunua pakiti iliyofungwa, hujui kilichomo. Ukifungua, pengine unakutana na joka la kutisha, pengine kinyonga asiyeweza hata kumwangusha inzi. Watoto huzikusanya, hubadilishana, hununiana kwa ajili yake, kisha hukaa wawili wawili wakapiganisha kadi zao, kila mmoja ameweka mbele yake vijiwe vya uhai. Vijiwe vikiisha, umekufa. Mtu huyu na mdogo wake walikulia katika mchezo huo, kwenye mji mmoja wa baridi huko nyanda za juu, ambako mvua ikianza hakuna mtoto anayetumwa dukani.

Nyumbani kwao walikuwa na desturi. Mmoja akiitwa katikati ya mchezo, labda kuteka maji, labda kuchapwa, alizilaza kadi zake kifudifudi na kuziwekea betri kuukuu ya redio juu yake. Mwenzake naye alilaza zake, na betri yake juu. Kadi zikishalazwa, hakuna wa kuzigusa wala kuzichungulia. Mchezo haufi. Unamngoja aliyeondoka, kwa sababu zamu ni yake.

Siku kaka mtu alipokwenda chuo, gari lilipiga honi wakiwa katikati ya mchezo. Alizilaza kadi zake kwenye sinia walilokuwa wakichezea, akaweka betri, akamwambia mdogo wake, "Nalaza. Nikirudi tunamaliza."

Alirudi Krismasi, lakini alirudi na koti la chuo na Kiingereza cha puani. Mdogo mtu alipolileta sinia, aliambiwa mbele ya wageni kwamba mambo ya kitoto yana mwisho wake. Alilirudisha taratibu, kadi zisiteleze.

Miaka ikaenda. Kaka mtu akapata kazi mjini. Mdogo mtu akawa fundi cherehani palepale nyumbani, akaoa. Walipigiana simu, na kila mara kabla ya kuagana mdogo mtu alitania, "Kaka, zamu yako bado ipo." Kaka mtu alicheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kukatia simu. Mnakijua. Wengine wenu ni mabingwa wake.

Jumamosi moja mvua ilimfukuza akaingia kwenye duka la vitabu vya shule, na huko nyuma ya makabati akawakuta watu, tena watu wazima wenye ndevu na vitambulisho vya kazi shingoni, wanapiganisha kadi za mashujaa. Moyo ulimruka. Jumamosi iliyofuata alifukua kadi chache zilizokuwa zimelala chini ya sanduku lake, akaketi mbele ya binti mmoja wa chuo. Binti aliitazama kadi ya kwanza kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Hiyo kadi ilistaafu kabla yako."

Duka zima lilicheka. Naye alicheka, lakini ndani kitu kilichoma. Sheria zilikuwa zimebadilika, mashujaa wapya walikuwa na nguvu asizozijua, na mambo aliyodhani ameyakumbuka yalikuwa yamemtoka.

Sasa niwaulize. Mtu ameukumbuka mchezo, na anajua ulikolazwa. Si angepiga simu?

Alipiga. Ila hakusema alichopigia. Alizungukazunguka, akauliza kama watu bado wanacheza zile kadi huko. Mdogo mtu alichangamka. Akaeleza kwamba yeye hucheza na vijana kila siku ya gulio, na kwamba sinia lipo. "Njoo, kaka," akasema. "Hata kama umesahau, nitakufundisha."

Hilo ndilo neno lililoharibu. Kufundishwa? Yeye, na mdogo wake, fundi cherehani? Alijibu kwamba kazi zimembana, na wakati anasema hivyo alikuwa ameshika kadi mkononi. Halafu akajijengea hoja, maana msomi hakosi hoja. Mtu anayeng'ang'ania mchezo miaka yote hii, aliwaza, bila shaka ana joka chini ya betri yake. Anataka kunimaliza. Basi sitakwenda mpaka niwe na makali.

Akanunua pakiti juu ya pakiti. Akajinoa kila Jumamosi, mpaka yule binti akaacha kucheka. Siku moja wakiongea, mdogo mtu alikohoa kwa muda, akasema kifua kinamsumbua tangu mvua zianze. Kaka mtu alimshauri anywe tangawizi. Macho yake yalikuwa kwenye kadi mpya, akisoma maandishi madogo.

"Pasaka nakuja," akamwambia. "Jiandae."

Mdogo mtu akajibu, "Mimi nimejiandaa siku zote, kaka. Wewe njoo tu."

Alizikwa kabla ya Pasaka.

Kaka mtu alifika msibani na begi lake, na ndani ya begi zilikuwamo zile kadi zote kali. Matanga yalipoanuliwa na majirani kurudisha viti, shemeji yake aliingia chumbani, akatoka na sinia lililofunikwa kitambaa kilichoshonwa pindo vizuri kama cha madhabahuni. Akaliweka mbele yake.

"Shemeji, chukua chako," alisema. "Tulipohama kule nyumba ya kwanza, mimi nilibeba mtoto na vyungu, mume wangu kabeba hili. Wageni wakija naazima sinia kwa jirani."

Alimuuliza kama marehemu aliwahi kuchungulia.

"Hata. Nilimwambia, kaka yako amekusahau, malizia mwenyewe nipate sinia langu. Akasema haiwezekani, zamu ni ya kaka."

Kaka mtu aliondoa betri yake. Ilikuwa imevuja, imeacha doa la kutu mgongoni mwa kadi. Akafunua zake kwanza, na hapo akamwona Mama Radi, shujaa anayeng'oa kijiwe kimoja kwa pigo moja, hazuiliki. Akatazama upande wa pili wa sinia. Mbele ya kadi za mdogo wake kulikuwa na kijiwe kimoja tu.

Akazifunua na hizo. Kinyonga. Kinyonga mwingine. Konokono.

Hapakuwa na joka. Tangu honi ilipolia, mdogo mtu alijua mkononi hana kitu. Miaka yote ile hakuwa anangoja kushinda. Alikuwa anangoja afungwe, ilimradi kaka yake akae upande ule wa sinia.

Mtu yule alimwinua Mama Radi, akabaki ameishika kadi hewani. Mchezo ule hauchezwi na mtu mmoja.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme mdogo mtu ni Mungu, anayetungoja kwa uvumilivu, ili twende nyumbani tumefarijika, tukale. Leo siyo. Mungu anaweza kungoja. Hana kifua cha kumsumbua. Yule alikuwa mtu, na watu huisha.

Sisi tunapenda kurudi tukiwa tumenyooka. Nitamwomba dada msamaha nikishapata maneno. Nitamwona mama nikishamaliza kujenga. Nitarudi kwaya sauti ikishakaa sawa. Tunayaita maandalizi. Ni aibu tu, tumeivalisha suti. Na yule anayetungoja tunamdhania ameficha fimbo chini ya betri. Nani alikuambia? Umefunua ukaona?

Naona wengine mmeanza kutazama viatu vyenu. Sawa. Sala ya mwisho nitaifupisha. Ukitoka hapo nje, kabla hujaanza kusalimiana na watu na kusifia mahubiri, piga simu. Usitafute cha kusema. Mwambie umesahau namna ya kucheza. Atakufundisha, kama bado yupo.