Shukeni Kidogo, Lipite

Ndugu zangu, nianze na kosa langu, maana nikilificha, mfano huu hautakuwa na nguvu. Siku moja nilikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa changu. Nilimwona mwenye kiti akiteseka, na sikuinuka. Nilikuwa nimevaa joho la uinjilisti na Biblia nimeipakata. Kilikuwa kiti gani, mtakijua mbele ya safari.

Palikuwa na mtu usharikani kwetu, jina lake Ambakisye, mwenye mke, watoto wawili, na mama mzazi aliyeitwa Bibi Subilaga. Nyonga ya Bibi Subilaga ilikuwa imekakamaa. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Kanisani alikuwa hajafika tangu Pasaka ya mwaka uliotangulia, na hospitali, ambako walimtaka kila mwezi, alikwenda pale tu alipopatikana mtu wa kumpakia. Basi mama mwenyewe akasema mikaratusi ya mteremkoni, iliyopandwa na marehemu mumewe, ikatwe iuzwe, linunuliwe gari. Halikutakiwa gari jipya. Lilitakiwa gari lililokwisha kutumika, la kubeba familia.

Ambakisye akaenda mjini kwenye yadi ya magari, yeye na mkewe Tumpale. Pale walikuta magari mawili ya bei moja. La kwanza lilikuwa refu kwenda juu, rangi yake imefifia, milango mipana, viti laini kama godoro la mgeni. Lilipowashwa halikuwa na makeke. La pili lilikuwa jekundu, limeinama karibu na ardhi kama chui anayevizia, rimu zinang'aa, na bomba lake la moshi lilinguruma hadi mafundi wa jirani wakageuka kutazama. Dalali akamwambia Ambakisye, mzee, hili ukipita nalo, hata walio msibani watainua macho.

Tumpale akamshika mumewe mkono, akasema kwa upole kwamba si vibaya warudi kesho na mama, akae kidogo ndani ya yote mawili. Ambakisye akacheka. Akajibu kwamba gari si gauni, halipimwi mwilini. Akaingia kwenye lile jekundu, akakaa kiti cha dereva, akashika usukani, akakanyaga mafuta. Kiti kilimkumbatia. Akazunguka yadi mara tatu. Kiti cha nyuma hakukigusa hata kwa kiganja. Hapo ndipo alipokosea, na ndipo tunapokosea wengi. Alilipima gari lote kwa kiti kimoja, nacho kilikuwa chake.

Sasa, kwetu gari likinunuliwa huletwa kanisani Jumapili, likaombewa, kisha safari yake ya kwanza ni kumrudisha nyumbani mama mzazi wa mwenye gari, naye hukaa mbele. Hiyo ndiyo heshima yake. Siku hiyo mama aliletwa kanisani kwa toroli lililotandikwa blanketi, ili arudi kwa gari. Nikaweka mkono kwenye boneti, nikaomba kwa sauti kubwa. Nilipomaliza, Ambakisye akanifungulia mlango wa mbele, akasema mwinjilisti, karibu. Nilijua kile kiti ni cha nani. Lakini lilikuwa gari zuri, ndugu zangu, na watu walikuwa wanatazama. Nikakaa.

Mama wakamkunja nyuma, pamoja na Tumpale na watoto. Magoti yake yalifika karibu na kidevu. Akaishika nyonga yake kwa mikono miwili.

Barabara ya kwetu mnaijua. Mvua imeichonga, imebaki migongo migongo, na mawe yametoka nje kama meno ya mzee. Tulipofika kwenye mgongo wa kwanza, tumbo la gari likakwaruza. Ambakisye akasimama, akawaambia wa nyuma washuke kidogo, lipate kuinuka, lipite. Wakashuka. Mama alishushwa miguu ikitangulia, mmoja baada ya mwingine, akasimama hadi gari livuke mgongo, akakunjwa tena ndani. Mgongo wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Mimi wa mbele sikuambiwa nishuke, na sikujiambia. Nilitazama mbele kama mtu anayesoma mlima.

Kwenye mgongo wa nne mama alishuka, akashika mlango, na alipotaka kukunjwa ndani akakataa. Akainama dirishani kwa mwanawe. Hakupandisha sauti.

"Ambakisye, mwanangu, mimi nilikubeba mgongoni miaka miwili, kwenye barabara hii hii. Kuna siku nilikwambia ushuke ili nipite?"

Kisha akageuka, akashika bega la Tumpale, akaenda kwa miguu. Sisi tukawa nyuma yao na gari letu linalonguruma, mwendo wa mtu aliyekakamaa nyonga, hadi nyumbani. Watu walitoka kwenye vibaraza. Dalali hakudanganya, kila mtu aliinua macho.

Ambakisye hakulala na kiburi chake, na hilo namsifu. Asubuhi yake alilirudisha gari yadini, na safari hii mama alikaa mbele, kiti kimelazwa, na kwenye kila mgongo aliyeshuka ni Ambakisye mwenyewe, akipanga mawe chini ya matairi. Walilikuta lile refu bado lipo, limepata vumbi. Dalali alitaka nyongeza ndipo abadilishe, na hapo mabishano yakaanza. Wakati wanabishana, Tumpale alifungua mlango wa nyuma wa lile gari refu, akamwingiza mama. Mama alikaa bila kukunjwa, akanyoosha mguu wake mbaya, akaegemeza kichwa. Ambakisye alipogeuka kumuuliza analionaje, alimkuta amelala usingizi. Akaacha kubishana, akatoa alichotakiwa.

Leo gari lile mnaliona hapo nje. Halina anayeligeukia. Bibi Subilaga ndiye yule wa benchi la pili, na tangu siku ile hajakosa ibada isipokuwa wakati wa mafuriko.

Mimi nilikwenda kwake nikamwomba msamaha. Alinikaribisha chai, akasema, mwinjilisti, nilidhani nawe unaumwa nyonga. Nilistahili.

Ndugu zangu, kila mmoja wenu ana nyumba, na Mungu amempa usukani wa kitu fulani. Usukani hautuambii kama tunaendesha vizuri, kwa sababu mwenye usukani hukaa vizuri siku zote. Anayejua ni yule aliyekunjwa nyuma, naye mara nyingi hasemi. Na ninyi mliokaribishwa mbele kwa heshima, kama mimi, msiseme hamkuendesha.

Nawaomba jambo moja. Leo ukifika kwako, kabla hujala, nenda ukakae pale anapokaa mnyonge kuliko wote katika nyumba yako. Kaa hapo muda wa Baba Yetu moja, kisha mwite aje aketi pako.