Pindo Halisomi Cheti

"Pindo halisomi cheti." Mmeisikia hapa karakanani, mkacheka, kisha mkaniuliza ilitoka wapi. Ilitoka kwenye nusu ua.

Wakati huo nilikuwa nachanganya rangi za kanga. Nafasi ya mchoraji ilipotangazwa, nilimpelekea tajiri wetu, Mzee Shekigenda, michoro yangu ndani ya kikapu. Hakuifunua. "Shahada iko wapi?" Nikamwambia niliishia darasa la tano. Akanisukumia kikapu changu kwa kidole kimoja.

Akaajiriwa Semkiwa, kijana mpole aliyesomea sanaa chuo kikuu. Kanga yake ya kwanza ilikuwa sare ya harusi. Mji wake, pale katikati, ulipendeza kweli. Lakini pindo alikuwa ameanza kulichora katikati ya upande, akielekea pembeni. Sisi huanzia pembeni, ili kila pembe ipate ua zima. Lake lilipofika pembeni, ua likakatika nusu. Nililiona kabla rangi haijachanganywa.

Akaniita mwenyewe. "Dada Mwanaiki, wewe una jicho. Hebu tazama, kuna kasoro?"

Nikainamisha kichwa. "Mimi wa darasa la tano, kaka, nitaona nini?"

"Hata kidogo?"

"Sikusoma mie."

Kanga zikachapwa.

Bi Chano, kungwi wa bibi harusi, alikuja kuzichukua na wenzake. Akakunjua moja, akashika pembe mbili akizikutanisha. Maua hayakuungana.

"Hee! Pembe hazijuani hizi! Na hili ua limefiwa na mwenziwe?"

"Bi Chano," Mzee Shekigenda akasema, "huyu mchoraji ana shahada."

"Pindo halisomi cheti, baba. Nitamvisha mwari shahada?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, na nikajisikia nikicheka kuliko wote. Mzigo ukakataliwa. Semkiwa akafukuzwa siku ile ile. Alipopita kwangu na rula yake mkononi, alisema taratibu, "Nilikuuliza, dada." Basi.

Wiki iliyofuata Mzee Shekigenda aliomba kuiona michoro yangu. Kiti hiki ninachokalia kilikuwa cha Semkiwa.

Watu husema methali hii kuwacheka wenye vyeti. Mimi hunichoma. Pindo halisomi cheti, wala halisomi kukosa cheti. Halikuniuliza nilifika darasa la ngapi. Liliniuliza nimeona nini, nami nikajificha nyuma ya darasa la tano kama mtoto nyuma ya mlango.

Mnaniita mwalimu, kwa hiyo nawaambia nisiyopata kumwambia mtu. Niliona. Nilinyamaza ili aanguke. Kosa lilikuwa la kuonyeshwa kwa kidole tu, na kidole nilikuwa nacho.

Pindo halisomi cheti.